Chema chajiuza, lakini si kikiwa ndani ya mtumba

"Mzee wangu, habari za Kisumu? Mimi ni mhasibu wa miaka 33 katika kiwanda cha vyakula vya mifugo hapa Nakuru. Mitihani ya uhasibu ya CPA nimemaliza, na huu ni mwaka wangu wa sita kwenye meza ileile. Nafasi ya mhasibu mkuu ilipotokea niliomba, akaletwa kijana mdogo kwangu kutoka nje. Nasikia aliunganishwa. Kwetu ni Busia, sina jamaa Nakuru. Mwaka jana nilihudhuria semina tatu kwa pesa zangu, nikarudi na kadi zaidi ya arobaini. Niliwaandikia wote, walijibu wawili, na mmoja alikuwa anauza bima. Mimi si msemaji. Nimelelewa nikiambiwa chema chajiuza, na habari hii ya kutafuta watu ili wanifae naiona kama unafiki. Lakini nimechoka kubaki nyuma. Kazi ninayofanya naijua: hata ile eTIMS, mfumo wa mamlaka ya kodi wa ankara za kielektroniki, ilipoanza, mimi ndiye niliyewafundisha wauzaji wetu wa omena na mahindi. Nianzie wapi? Na kuna mkaguzi aliyekuwa akija kukagua hesabu zetu, sasa ameajiriwa na kampuni moja ya huko Kisumu. Nimpigie nimwombe kazi, au itaonekana vibaya?"

Binti yangu, Kisumu ni kwema, joto tu ndilo limezidi.

Nianze na methali yako, maana naona ndiyo iliyokufunga miguu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sina ugomvi nayo. Lakini waliotuachia maneno hayo walikuwa wanazungumzia soko, mahali ambapo kitu kimeanikwa na kila mpita njia anakigeuza, anakinusa, anakipima kwa jicho. Njoo Kibuye Jumapili moja uone. Hata shati la kamera, lile ambalo huwezi kujua kama limewahi kuvaliwa, halimwiti mnunuzi likiwa bado ndani ya mtumba uliokazwa kamba. Kazi ya mhasibu inakaa ndani ya mtumba. Hesabu zikilingana, hakuna anayeuliza zimelinganaje. Kodi ya mishahara ikifika KRA, mamlaka ya kodi, kabla ya tarehe 9 na VAT kabla ya tarehe 20, mwezi baada ya mwezi kwa miaka sita, mwenye kiwanda anadhani mambo yanajiendea yenyewe. Siku utakayochelewa mara moja ndipo atakapouliza jina lako.

Kwa hiyo sioni kwamba ugonjwa wako ni upole, wala kukosa jamaa Nakuru. Walioiona kazi yako kwa macho yao ni wachache, na hao wachache hujawahi kuwahesabu kuwa ni watu wako. Ulikwenda kutafuta watu hotelini, ukawaacha wale wanaokupigia simu kila wiki.

Nilikaa miaka 27 katika ofisi za waajiri, Kisumu kwanza kisha Kakamega, kabla ya kustaafu na kuanza kazi hii ya ushauri. Acha nikuambie nafasi inavyojazwa, kwa sababu wengi wanaiwazia vingine. Mhasibu mkuu anaaga. Tangazo halijaandikwa bado, mwenye kampuni anasimama mlangoni na kikombe cha chai, anauliza: "Kuna mtu mnamjua?" Ni hilo tu. Anayejibu anaweka jina lake rehani, maana mgeni akija akavuruga hesabu, lawama itamrudia aliyemtaja. Nani ataweka jina lake rehani kwa ajili ya mtu aliyempa kadi kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana? Anayetajwa ni yule ambaye mtajaji anaweza kuongeza sentensi moja baada ya jina lake: "Huyo tulifunga naye hesabu za mwaka, hachezi." Sentensi hiyo ya pili ndiyo mali. Kadi haina sentensi ya pili.

Ndiyo maana nilipowapigia simu warejelewa wa waombaji, yaani watu waliowataja wawashuhudie, swali langu la kwanza halikubadilika: mlifanya kazi gani pamoja? Ungecheka. Watu waliandika majina ya maaskofu, waheshimiwa wa zamani, wakurugenzi wa hapa na pale. Mkubwa anapokea simu, anasifu ukoo mzima, ukimuuliza habari ya kazi yenyewe anakohoa. Mara moja kijana mmoja alimwandika mtunza ghala wa kampuni waliyokuwa wakiiuzia bidhaa, mtu asiye na cheo cha kutisha. Yule bwana alinisimulia dakika kumi nzima jinsi kijana alivyogundua magunia yaliyohesabiwa mara mbili, akapiga simu mwenyewe kusema, ingawa kosa lile lilikuwa linaifaa kampuni yake. Sikuhitaji kumpigia mrejelewa wa pili.

Mimi pia yalinikuta. Kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi, sitakitaja, kilipunguza watu, na ofisa wa wafanyakazi aliyeandika barua za kuwaachisha wenzake aliandikiwa yake mwisho. Nilifanya kile ambacho kila mtu hufanya: nikawapigia ndugu, nikawapigia marafiki wa karibu, nikazunguka kwa wazee wa kanisa. Walinihurumia kwa dhati, wengine wakaniletea unga. Lakini nafasi walizozijua wao nami nilikuwa nimeshazisoma gazetini. Aliyenipa habari ya kazi ya Kakamega alikuwa mama mmoja wa kampuni ya bima, tuliyekuwa tukizungumza kwa simu tu, labda mara nne kwa mwaka, juu ya fidia za wafanyakazi walioumia kazini. Sikuwahi kumwona uso. Alichokijua kwangu ni kwamba karatasi za majeruhi wangu zilifika zikiwa kamili mara ya kwanza, bila yeye kunikimbiza. Mteja wake mwingine alipomlilia kwamba ofisi yake ya wafanyakazi imevurugika, alinikumbuka.

Kwa miaka mingi nilidhani ile ilikuwa bahati. Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hilo limeshapimwa. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha aliyoyapata Newton, mji ulio karibu na Boston, kwa kuwauliza wataalamu na mameneja waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni. Wale waliopata kazi kupitia mtu, aliwauliza walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi. Waliosema mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki, walikuwa asilimia 16.7 tu. Waliosema mara mojamoja walikuwa 55.6. Na 27.8 walisema ni mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Sababu yake ni nyepesi ukishaitazama. Walio karibu nawe wanakula nawe, wanasali nawe, wanasoma kikundi kilekile cha WhatsApp. Wanachokijua wao unakijua. Habari mpya inabebwa na mtu anayetoka mahali usipofika.

Ila kuna kiraka cha kuongeza hapo. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofuatilia watu milioni 20 kwenye mtandao wa LinkedIn kwa muda wa miaka mitano. Ukaonyesha kwamba uhusiano unaosaidia zaidi kuhama kazi ni ule ulio hafifu kiasi. Ukizidi kuwa hafifu, faida inashuka. Sasa rudi kwenye kadi zako arobaini: huo ni uhafifu uliopitiliza. Mkaguzi anayekuja kila mwaka, anakaa wiki mbili kwenye kona ya ofisi yenu akila mandazi yenu na kukuomba stakabadhi za mwezi wa nane, huyo ndiye kipimo chenyewe.

Tumefika kwenye jibu la "nianzie wapi". Anzia kwa watu wa upande wa pili wa karatasi. Kila karatasi inayopita mezani kwako ina mtu aliyeiandika au atakayeipokea, na kwa mhasibu watu hao ni wengi kuliko kwa karibu kazi yoyote nyingine. Kuna mhasibu wa kampuni inayowauzia mashudu, ambaye kila mwisho wa mwezi mnalinganisha hesabu zenu na zake. Kuna ofisa wa benki anayeshughulikia akaunti ya kiwanda. Kuna kijana anayekuja kurekebisha programu ya hesabu ikigoma. Yeye huingia katika ofisi kumi kwa wiki, na ndiye anayejua ni wapi mhasibu amefunga virago. Kuna karani wa kampuni ya malori. Na hao wakaguzi, hasa wale wadogo wanaotumwa kuhesabu stoki, wanatazama vitabu vya nusu ya mji na wanajua vyumba vyote ambavyo hesabu zake zinanuka. Baada ya miaka mitano hao wadogo hawakai tena kwenye ukaguzi. Wengi huajiriwa kuwa wakuu wa fedha mahali fulani, kama huyo wako.

Umeniandikia katika mstari mmoja, kana kwamba ni jambo la kupita, kwamba uliwafundisha wauzaji wenu eTIMS. Binti yangu, hapo umeficha dhahabu chini ya jiwe. Sote tunakumbuka ilivyokuwa. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, ukiacha zile chache zilizosamehewa, haikukubaliwa tena wakati wa kukokotoa kodi ya mapato. Kampuni zikaanza kuwakimbia wauzaji wadogo, na mama wa omena wa huku ziwani hajui hiyo eTIMS ni kidonge au ni nini. Wewe ulikaa na simu ukamwelekeza hatua kwa hatua. Nani mwingine alijua kwamba ulifanya hivyo? Je, mhasibu wa kiwanda jirani, aliyekuwa akiumwa kichwa kilekile, alijua? Ungeandika ukurasa mmoja wa maelezo, kwa Kiswahili chepesi, ukampelekea yeye na wengine watano: "Haya ndiyo niliyowaeleza wauzaji wetu, yamesaidia, tumia ukipenda." Hujamwomba mtu kitu. Hujajisifu. Lakini watu sita sasa wana sentensi ya pili ya kuongeza baada ya jina lako.

Nafasi ile imepita, ila nyingine huja kila mwaka. Makato mapya yakitangazwa, kama ilivyokuwa Oktoba 2024 tulipohamia SHIF, makato ya bima ya afya ya asilimia 2.75 ya mshahara, kila ofisi ndogo inahangaika na jedwali la mishahara. Anayelitengeneza likafanya kazi, akawapa wenzake, hukumbukwa. Nakuonya tu kwamba mnachopeana ni ujuzi. Tarakimu za kiwanda chako hazitoki nje, hata kwa rafiki, hata kwa mfano. Siku utakapomwambia mhasibu jirani bei mnayonunulia mahindi utakuwa umempa habari tamu, naye atakuwa amejua kwamba yake pia utaitoa.

Sasa hilo la unafiki. Unalihisi kwa sababu ulijaribu kuvuna kwa watu ambao hukuwapandia chochote, na moyo wako ulijua. Mkono mtupu haulambwi, na sisemi bahasha. Jipime hivi. Mtu huyu asingekuwa na uwezo wa kukupa kazi kamwe, bado ungemtumia ule ukurasa? Kama ndiyo, endelea bila kujiuliza maswali. Kama unaona uzito, mwache, hakuna sheria inayokulazimisha kupendana na kila mtu. Mimi nilikuwa na mkurugenzi mmoja aliyejuana na Nyanza nzima, na kila nilipokaa naye nilitoka nikiwa nimechoka kama niliyebeba saruji. Niliacha kumtafuta, na sikuona hasara.

Kwa mtu asiye msemaji kama wewe, kuna njia iliyo nyepesi kuliko kuzungumza: fanya kazi pamoja na watu. Semina usiziache, maana taasisi yenu ya wahasibu, ICPAK, inataka muwe mkijiendeleza. Lakini badala ya kukaa mstari wa nyuma ukisubiri mapumziko, waandikie viongozi wa tawi la eneo lenu mapema, useme utasaidia kwenye meza ya kusajili wageni. Mpole hupata shida ya kumwendea mtu. Kwenye meza ya usajili watu ndio wanaokujia, kila mmoja anakutajia jina lake na kampuni yake, na mna jambo la kuzungumza, hata kama ni jina lililokosewa herufi. Halafu tafuta sacco ndogo au kamati ya shule inayolia kukosa mtu wa kusoma hesabu. Nakuru zimejaa. Utakaa kwenye meza moja na mwalimu mkuu, daktari wa mifugo, mwenye duka la dawa, mkibishana juu ya matumizi ya diseli. Mwaka mmoja wa mabishano hayo unakujulisha kwa watu kuliko semina kumi, kwa sababu wanakuona ukiambiwa "ipitishe tu hivyo" na wewe unakataa.

Ndani ya kiwanda chenyewe pia, naona umejifungia. Katika barua yako yote hukumtaja mtu hata mmoja wa hapo, ila huyo kijana aliyekupita. Msimamizi wa uzalishaji ni nani? Unajua ni magunia mangapi yanapotea kwenye mashine kwa mwezi, na yeye anajua hasara hiyo ni shilingi ngapi? Teremka. Vaa koti la kazi, simama karibu na mashine ya kuchanganyia, muulize akuonyeshe. Kisha mrudishie jibu kwa lugha yake: gunia, kilo, shilingi. Mwenye kampuni akisikia mtu wa mashine akisema "mhasibu wetu ametusaidia kuziba hapa," utakuwa umetoka kwenye mtumba.

Na nikuambie jambo ambalo hutalipenda. Huyo kijana huenda hakuletwa kwa kujuana tupu. "Aliunganishwa" ni neno tunalolitumia tukiumia, nami nimelitumia. Lakini mara nyingi maana yake ni kwamba mtu fulani alimwona akifanya kazi mahali pengine na akamsemea. Sina ushahidi kuhusu huyu wenu, na wewe pia huna. Mkaribishe, msaidie kuzielewa akaunti ambazo ni wewe tu unayezijua. Akiwa mzuri, utakuwa na mtu aliyekuja na watu wake wote kutoka alikotoka. Akiwa mbovu, kila mtu ataona ni nani anayembeba.

Sisemi kwamba ukabila na undugu havipo. Vingekuwa havipo, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 isingekataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, wala Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 isingetaka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini ziende kwa watu wasio wa jamii yenye wengi katika kaunti. Nafasi za namna hiyo zipo, na mtu wa Busia anayeishi Nakuru azisome matangazo yake kwa makini. Lakini viwango hivyo havigusi kampuni ya mtu binafsi, na ukipoteza miaka ukihesabu ni nani wa kabila gani, utakuwa umehesabu kitu usichoweza kukibadilisha. Mtu akikutaka "kitu kidogo" ili akuunganishe, hapo hakuna uhusiano wa kuujenga. Mara nyingi hata hiyo kazi haipo.

Kuna jambo ninalopaswa kukuambia kama mzazi. Wewe ni mwanamke, na baadhi ya wanaume wenye vyeo wakiombwa ushauri wa kazi husikia kitu kingine. Kutaneni mchana, mahali penye watu, au ofisini mlango ukiwa wazi. Simu ya dakika kumi na tano inatosha kwa karibu kila jambo. Anayesisitiza saa tatu usiku kwenye hoteli anakujulisha anachotaka, na huna deni la kumweleza kwa nini umekataa. Na kama anayesumbua ni wa ofisini kwenu, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa juu ya unyanyasaji wa kijinsia. Uliza iko wapi. Nimeona swali hilo peke yake likimtuliza mtu.

Upande mwingine wa mambo haya hauna karatasi kabisa. Wewe ni wa magharibi, unajua Jumamosi zetu zilivyo. Mtunza ghala akifiwa na mama yake huko Vihiga, na gari la kazini likaondoka saa kumi na moja alfajiri, uwe ndani. Usiende na kadi mfukoni. Nenda ubebe viti, ukae na wafiwa, ule wali wa matanga, urudi. Nimewaona wenzangu wakigeuza mazishi kuwa mkutano wa biashara, wakimvizia mheshimiwa nyuma ya hema, na nimeona pia jinsi watu walivyowatazama. Lakini aliyekuja matanga ya mamako hutamsahau hata mkiachana kazi miaka ishirini. Vivyo hivyo mtoto akijaliwa, mtu akipandishwa cheo, akipata CPA baada ya kurudia karatasi moja mara nne: ujumbe mfupi siku hiyohiyo, usio na ombi nyuma yake.

Kutunza yote haya hakuhitaji zaidi ya daftari dogo. Andika majina kumi na tano, si arobaini. Mbele ya kila jina, andika jambo la mwisho mlilozungumza na tarehe. Ukiona miezi minne imepita bila neno kwa mtu, tafuta sababu ya kweli ya kumwandikia. Sababu ya kweli hupatikana ukiwa na masikio: alikuambia anahangaika na ukaguzi wa mali za kudumu, nawe umekutana na jedwali zuri, mtumie. "Nakusalimia tu" nayo si mbaya, ila isiwe ndiyo pekee. Na uchague siku. Kumwandikia mhasibu tarehe 8 au 19 ni kama kumsimamisha mama mboga akivuka barabara na furushi kichwani.

Sasa mkaguzi wako wa Kisumu. Angekuwa bado anawakagua, ningekuambia ungoje, maana kanuni za maadili za taaluma yenu zinamtaka mkaguzi aiarifu kampuni yake pindi anapoanza mazungumzo ya kazi na mteja, na hutaki kumweka kwenye tope hilo. Lakini ameshaondoka, njia ni nyeupe. Mwandikie kwanza, usimpigie ghafla. Na usimwombe kazi. Ukimwomba kazi asiyokuwa nayo, atasema hana, na mazungumzo yamekufa papo hapo, ninyi wawili mkiona haya. Mwombe kitu alichonacho, yaani macho yake. Mimi ningeandika hivi:

"Habari za Kisumu, kaka. Ni mimi wa kile kiwanda cha Nakuru, yule mliyehesabu naye stoki ya mashudu mpaka usiku. Nimesikia umehamia huko, hongera sana. Nafikiria hatua yangu inayofuata, na wewe umeona vitabu vya kampuni nyingi kuliko mimi. Kwa kazi yangu uliyoiona, ni jambo gani bado linanipungukia ili niaminiwe na ofisi ya mhasibu mkuu? Nikuombe dakika kumi na tano za simu, siku yoyote baada ya tarehe 20. Ukibanwa, hata ujumbe wa sauti utanifaa."

Akikujibu, sikiliza kuliko unavyosema, ambalo kwako si tatizo. Akikuambia, kwa mfano, kwamba hujui kutabiri mtiririko wa fedha wa miezi mitatu ijayo, usijitetee. Nenda ukajifunze, na baada ya wiki sita mwandikie: "Ulinishauri hivi, nimefanya, haya ndiyo yaliyotokea." Nimewashauri watu mamia, na waliorudi kuniambia ilikwendaje nawakumbuka kwa majina, kwa sababu ni wachache mno. Hao ndio waliokuwa wakinijia akilini kila bosi aliposimama mlangoni na kile kikombe cha chai.

Asipokujibu, mpe wiki tatu, mkumbushe mara moja, kisha umwache na shughuli zake na usimwekee kinyongo. Una majina mengine kumi na manne.

Na ukipata likizo, panda matatu ya asubuhi kupitia Kericho uje huku siku moja. Wapo akina mama wa omena wanaoijua sauti yako tangu siku za eTIMS na hawajawahi kukuona. Anza na hao kabla ya ofisi yoyote, uwaulize wanawauzia kina nani wengine.